Buku la kasho: nani alisome, na lini lifungwe

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa komine ya Lac, Kalemie. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, tumeondoa tu makelele na mahali ambapo watu walikatana maneno.

Tunajua wamoja wametoka mbali, paka ng'ambo ya Lukuga, tena kwa miguu. Hatutawachelewesha sana.

Leo hatuko hapa juu ya barabara, wala juu ya maji na umeme. Tuko hapa juu ya buku. Buku moja la kawaida, lenye jalada gumu, na mara nyingi hata si buku, ni kaye ya shule tu, linalokaa juu ya meza ya polisi pale mtu anapoingizwa ndani. Sisi wote tumekwisha kupita mbele ya ile meza bila kuliangalia. Wanaoliangalia ni wale ambao mtoto wao hakurudi nyumbani.

Tuanze na mama mmoja. Hatutasema jina, hatutasema karti. Mwanawe alitoka magaribi kununua makala, hakurudi. Asubuhi mama akasikia kama kulikuwa operesheni usiku, na vijana wengi walipakiwa kwenye jipu. Akapika bukari na ndakala, akafunga ndani ya sahani, akaanza kuzunguka. Kasho ya kwanza: "Mama, hiyo jina haiko hapa." Ya pili: "Uende uulize ku parke." Ku parke, pale ku amigo, hapana. Jioni akarudi kasho ya kwanza, chakula kimepoa, akaomba kwa heshima: "Shefu, angalieni tu ndani ya buku, mutoto wangu pengine iko." Akajibiwa: "Buku ni siri ya kazi, mama." Siku ya tatu kijana mmoja aliyeachiliwa njo alimwambia ukweli: mwanao iko ndani, iko pale pale ulianzia kuuliza. Waliandika jina la utani, lile anaitwa na marafiki kwenye kiwanja cha mpira, na tarehe waliandika ya jana yake.

Sasa muangalie vizuri. Kijana alikuwa ndani tangu siku tatu. Buku lilisema siku moja. Kwa buku, sheria haikuvunjwa hata kidogo.

Njo maana tunasema hili buku ni saa. Katiba yetu ya tarehe 18 februari 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu njo kanuni, kumfunga ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinaendelea: mtu akikamatwa aambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoisikia, ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake au avoka wake, na hawezi kukaa mikononi mwa polisi kupita masaa 48. Masaa 48 yakiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya majistra. Haya tunayajua, tumeyaimba kwenye maandamano, wamoja wameyaandika kwenye matriko. Lakini masaa 48 yanahesabiwa kutoka wapi? Kutoka kwa mstari mmoja ndani ya kaye. Kama ile saa ya kuingia haikuandikwa, masaa 48 hayaanzi kamwe. Mtu anaweza kukaa juma nzima akiwa bado kwenye dakika ya kwanza.

Wale kati yetu ambao wamelala ndani wanajua ile kaye vizuri. Kuko sehemu ya jina, ya umri, ya anwani, ya sababu, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, jina la OPJ. Sehemu ya saa, mara nyingi nyeupe. Sehemu ya kutoka, nyeupe pia, ama neno moja tu: "amehamishwa". Amehamishwa wapi? Na nani? Hakuna. Kwenye kasho moja tuliyoingia pamoja na avoka, tulikuta kaye mbili. Moja safi, ya kuonyesha majistra wakija kutembelea. Nyingine imechoka, imejaa ndakala na jasho la mikono, njo ya kweli. Na wale wenye kesi ya "kuelewana", wale wanaoachiliwa baada ya familia kutoa kitu, hao wameandikwa kwenye karatasi ya pembeni, inayotupwa.

Na usome sehemu ya sababu! Pale njo utajua mji wetu. "Deni." "Kukosa heshima kwa mkubwa." "Mambo ya ndoa." Ordonansi ya tarehe 3 julai 1978 juu ya kazi ya OPJ inasema wazi: kwa kawaida OPJ hawezi kumweka mtu ndani kama kosa analoshtakiwa haliadhibiwi kwa miezi sita ya gereza au zaidi, na kama hakuna alama nzito juu yake. Deni la mkopo wa simenti si kosa la jinai, ni mambo ya tribinali ya madai. Mwenye kudai anajua. OPJ naye anajua. Kwa hiyo kwenye kaye neno "deni" linageuka kuwa "utapeli", na mtu analala chini kwenye mkojo juu ya mifuko mitano ya simenti.

Tunataka tuwe wa haki kidogo. OPJ mmoja, mtu mzima, alituambia: "Bana, hata hii kaye nimeinunua na feza yangu. Kalamu pia. Munataka niandike na nini?" Alisema kweli. Kuko komisaria ambazo serikali haijapeleka buku tangu miaka. Mtu anafanya kazi bila taa, bila karatasi, mshahara unachelewa. Lakini tulimwambia: papa, saa ya kuingia ni tarakimu nne tu, haimalizi wino.

Basi, ni nani anayo haki ya kusoma? Jibu la polisi tunalijua: enkete ni siri. Tusiseme kama hiyo ni uongo mtupu. Mbele kesi haijafika tribinali, kazi ya upelelezi inafanyika kwa siri, na ni vizuri vile. Yale mtu alisema kwenye PV, majina ya mashahidi, vitu vinavyotafutwa, hayo si ya kutangaza sokoni. Lakini siri ya enkete inahusu yale mtu alisema. Haihusu kama mtu yuko pale. Katiba haiwezi kumpa mtu haki ya kuwasiliana mara moja na familia, halafu familia ikifika mlangoni iambiwe kuwepo kwake ni siri. Vitu hivyo viwili haviendi pamoja.

Na si sisi peke yetu tunaosema. Mwaka 2014 Komisyo ya Afrika ya haki za binadamu, ile inayosimamia Hati ya Afrika ambayo nchi yetu ni memba, ilikubali miongozo juu ya kukamata na kuzuia watu, inaitwa Miongozo ya Luanda. Ndani yake wameandika kama kila mahali pa kuzuia watu pawe na rejista, yenye jina, sababu, saa ya kukamatwa, na mtu mwenyewe, avoka wake na familia yake waweze kuifikia. Luanda si Ulaya, ni kwa majirani hapa chini. Mtu asituambie hizi ni desturi za wazungu.

Mnakumbuka tarehe 15 machi 2015? Wengi wenu mlikuwa watoto. Kule Kinshasa, Masina, vijana walikutana kuzindua Filimbi, pamoja na wenzao waliotoka Senegal na Burkina Faso. Walikamatwa kwa makumi. Fred Bauma wa LUCHA na Yves Makwambala walibaki mikononi mwa ANR zaidi ya siku arobaini, bila familia, bila avoka, mbele ya kufikishwa kwa majistra. Siku arobaini! Halafu Makala, paka tarehe 29 agosti 2016 walipoachiliwa. Hawa walijulikana, dunia nzima ilipiga kelele, na hata hivyo. Sasa fikiria kijana wa kubeba magunia pale ku port ya Kalemie, hana hata mtu wa kuandika jina lake kwenye Facebook.

Kitu kingine. Hata pale ambapo buku limeandikwa vizuri, ni karatasi. Usiku wa tarehe 1 kwenda 2 septemba 2024, watu walijaribu kutoroka gereza la Makala. Serikali yenyewe ilihesabu wafu 129. Na moto uliingia kwenye majengo ya utawala, grefe ikaungua. Grefe njo mahali dosye za watu zinakaa. Mtu ambaye karatasi yake imeungua, ataonyesha namna gani kama amemaliza azabu yake? Na yule ambaye hajahukumiwa, nani atakumbuka aliingia lini? Kwa magereza ya nchi hii walio wengi ndani ni watu ambao hawajahukumiwa bado. Sheria inasema mandati ya majistra wa parke ni ya siku tano, halafu jaji anaweza kutoa siku kumi na tano, halafu mwezi, halafu mwezi. Kila mwezi unahitaji karatasi mpya. Karatasi ikipotea, mtu anapotea pamoja nayo.

Paka hapa wote mnapiga makofi, tunawashukuru. Sasa tunakuja kwa sehemu ambayo haitapigiwa makofi, juu ni kosa letu.

Kuna siku memba mmoja wa mwendo wetu aliingia komisaria kumtembelea mwenzake. Kaye ilikuwa wazi juu ya meza, polisi ametoka kununua kredi ya telefone. Memba wetu akapiga picha ya ukurasa. Majina kumi na moja, wote wa operesheni moja, wote wamepita masaa 48, na kwenye sababu limeandikwa kwa wote: "kundi la wahalifu". Kwa mkono mmoja, mara kumi na moja. Tulifurahi. Ilikuwa ushahidi. Tukaiweka kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno makali juu yake, tukaomba prokirea aingilie. Na ukweli ni kama ilisaidia: kesho yake tisa walitoka, bila dosye, bila kitu.

Lakini picha ilitembea bila maneno yetu. Watu walikata yale tuliyoandika, wakaacha majina na "kundi la wahalifu". Ikafika kwenye magrupu ya karti, ya kanisa, ya wazazi wa shule. Mmoja wa wale tisa alikuwa anaendesha piki-piki ya mtu. Mwenye piki-piki akaiona picha, akachukua ufunguo. Tulienda naye, wanne, tukaketi kwa huyo papa saa nzima kumweleza kama kijana hakushtakiwa, hakuna jaji aliyemwona, hata parke haikumpokea. Alitusikiliza vizuri, alitupa maji ya kunywa. Halafu akasema: "Wanangu, jina lake liko ndani ya buku la polisi. Ninyi wenyewe njo mumenionyesha." Tulikosa jibu. Kijana hakurudishiwa piki-piki. Siku hizi anashusha mizigo. Alituambia njiani neno moja tu: "Mulinitosha ku kasho, mukaniingiza ku telefone ya kila mutu."

Na hiyo telefone haina masaa 48.

Baadaye tulijua jambo lingine lililotuumiza zaidi: mmoja kati ya wale kumi na moja alikuwa na miaka kumi na sita. Kwenye kaye walikuwa wameandika kumi na tisa. Sheria ya tarehe 10 januari 2009 juu ya kulinda mtoto imeweka tribinali ya watoto, inasema kesi yao isikilizwe milango imefungwa, na jina la mtoto lisitembezwe. Mtoto aliye chini ya miaka 14 hawezi hata kushtakiwa kwa jinai. Ile sheria tumeipigania, tumeitafsiri kwa Kiswahili, tumeisoma mashuleni. Na sisi wenyewe tukaivunja na kidole kimoja.

Tangu ile siku tumejadiliana sana ndani ya mwendo, na hatukuelewana haraka. Wamoja walisema: kuficha majina ni kuwasaidia wale wanaokamata ovyo, tuanike kila kitu. Wengine walisema: basi tusiguse tena mambo ya rejista. Sisi tumefika kwa wazo hili: kuko kufunga kwa aina mbili. Kuko kufunga kunakomlinda mtu aliyekamatwa, na kuko kufunga kunakomlinda yule aliyemkamata. Hapa kwetu ya pili njo inafanyika kila siku, ya kwanza karibu haiko.

Angalia namna dosye inafungwa. Umekamatwa, umefika parke, majistra anaona hakuna kitu, anaklase dosye. Unarudi nyumbani ukisema, imeisha. Haijaisha. Dosye iliyoklasewa haikufutwa. Iko kwenye kabati, na parke inaweza kuifungua tena paka muda wa sheria upite: mwaka mmoja kwa makosa madogo yasiyopita mwaka mmoja wa gereza, miaka mitatu kwa yale yasiyopita mitano, miaka kumi kwa yale makubwa. Na karatasi ya kuonyesha kama imeklasewa, nani kati yenu amekwisha kupewa? Hakuna mkono. Au ulilipa lamandi kwa OPJ. Sheria inaruhusu lamandi kwa makosa fulani madogo, lakini ile feza ni ya hazina ya Serikali, inaandikiwa, na parke ikiikubali kesi imekufa. Ukilipa bila risiti, umelipa mtu. Kesi haijafa, iko pale inakungoja, na kwenye kaye jina lako liko na sehemu ya kutoka nyeupe.

Kama umefika mbele ya jaji, hapo mambo yanabadilika. Katiba, kifungu cha 20, inasema vikao vya tribinali ni vya wazi, isipokuwa jaji aamue kufunga milango kwa sababu ya utulivu au maadili. Kifungu cha 21 kinasema hukumu iandikwe, iwe na sababu, isomwe hadharani. Hii hatutaki ifungwe, hata kidogo. Mkubwa akihukumiwa kwa kuiba feza ya mshahara wa walimu, tunataka tuisome leo, kesho na kesho kutwa. Na hata kwa hukumu sheria inajua kusahau: jaji akikupa azabu ya kusimamishwa, na muda aliouweka ukapita, ambao haupiti miaka mitano, bila wewe kuhukumiwa tena, ile hukumu inahesabiwa kama haikuwahi kuwepo. Mwaka 2014 Bunge lilipiga kura ya sheria ya msamaha, ya tarehe 11 februari, kwa mambo ya uasi, ya vita na ya siasa. Watu waliobeba silaha walisahaulishiwa makosa yao kwa sheria yenye namba na saini. Muone sasa: aliyehukumiwa ana njia ya kusahauliwa, muasi ana njia, lakini kijana ambaye hakufanya kitu, aliyekamatwa usiku akitoka kununua makala, jina lake linabaki kwenye kaye ya komisaria bila mwisho.

Na linamfuata. Unaomba kazi kwenye kampuni ama kwenye ONG, wanakuomba kazie jidisiere. Ile karatasi ni kwa waliohukumiwa, si kwa waliokamatwa tu. Mtu akikuambia "uliwahi kukamatwa, siwezi kukutolea", anakudanganya ama anatafuta kitu. Mumwambie avoka.

Wenzetu wa nje wameyapitia haya kabla yetu, tena kwa njia mbili zinazopingana. Kule Marekani rekodi za kukamatwa katika majimbo mengi ziko wazi kwa kila mtu. Hiyo ilisaidia magazeti kuwafuata polisi. Lakini watu wakafanya biashara: wanachukua picha ya mtu siku aliyokamatwa, wanaiweka kwenye intaneti, halafu wanamtoza feza ili waitoe. Hata kama jaji alimwachilia. Ikabidi majimbo yatunge sheria za kufunga rekodi, na mwaka 2018 Pennsylvania ikawa jimbo la kwanza kuamua kama kompyuta yenyewe ifunge rekodi za kesi zisizoishia kwa hukumu, bila mtu kuzunguka na barua na avoka. Sisi tungali tunatafuta kalamu, tunajua. Lakini kosa lao tunaweza kulikwepa bila kompyuta.

Karibu yetu, Kenya, kila kituo cha polisi kina kitabu wanachokiita OB, na raia wa kawaida anajua kuomba namba ya OB sawa vile sisi tunajua kuomba risiti sokoni. Katika maandamano ya vijana ya juni 2024 juu ya sheria ya kodi, familia na mawakili walizunguka kituo kwa kituo wakitafuta watu wao. Waliobebwa na watu wasiovaa uniforme, wengi hawakuwa na namba popote, na kukosa namba njo kulikuwa alama ya kwanza ya hatari. Hii tuichukue. Si lazima tuone buku nzima. Tunahitaji mstari mmoja, na namba yake.

Kwa hiyo, baada ya kubishana usiku mzima, tumeandika barua kwa wakubwa wanaohusika hapa mjini. Tunaomba mtu akiingizwa, mstari wake uwe na namba, na saa. Familia ikija na jina, ionyeshwe ule mstari peke yake, mikono ifunike mingine kama inahitajika, wala isitoe hata faranga mia. Avoka aone zaidi. Parke, ambayo njo mkubwa wa OPJ kwa sheria, ipewe kila asubuhi nakala ya ukurasa, ili kaye mbili zisiweze kusema maneno mawili. Watoto wawe na buku lao, mbali. Na kwa mji mzima, kila jumatatu, karatasi mlangoni bila jina hata moja: wameingia wangapi, wametoka wangapi, wangapi wamepita masaa 48, na kwa sababu gani wamekamatwa. Hesabu tupu. Hesabu haimnyang'anyi mtu piki-piki, lakini ikionyesha watu ishirini juu ya "deni", kila mtu atajua nini inafanyika mule ndani. Tena mtu akiachiliwa bila kesi, apewe karatasi ndogo yenye muhuri inayosema hivyo, na mstari wake usionyeshwe tena kwa mtu mwingine bila ruhusa ya majistra.

Watatujibu? Pengine watajibu nusu. Mkubwa mmoja ametuambia kwa mdomo kama karatasi ya hesabu "inaweza kufikiriwa". Mwingine ametuuliza sisi ni nani. Huyo tumemwachia nakala ya Katiba. MONUSCO ilifunga kazi yake hapa Tanganyika mwaka 2022, magari meupe yameenda, na wale waliokuwa wanazoea kusema "mukiendelea tutaita MONUSCO" wamebaki na sisi. Siku nyingine tutazungumza kama hiyo ni hasara ao ni faida. Tunajua kama mada hii inaweza kutukalisha hapa paka usiku.

Wakati tunangoja, tumejiwekea masharti sisi wenyewe, na memba asiyeyafuata atatoka kwenye timu ya kutembelea. Hakuna picha ya kaye, hata ikiwa wazi, hata ikiwa ni OPJ mwenyewe anakuambia piga. Hatutaji jina la mtu aliyekamatwa bila yeye au familia yake kukubali. Kama ni mtoto, hatutaji kabisa. Tunaandika saa tuliyofika, kasho gani, tuliuliza nini, tulijibiwa nini na nani, kwa adabu. Na mtu akitoka, ile karatasi yetu tunampa yeye. Sisi tunabaki na hesabu. Tukikataa polisi waweke majina ya watu bila mwisho, hatuwezi kuyaweka sisi chini ya kitanda.

Jambo moja la mwisho kwa wamama na yaya walioko hapa. Ukienda kutafuta mtu, usiseme jina moja tu. Sema jina la ubatizo, la baba, na lile la utani. Sema alivaa nini. Uandike saa ulipofika, hata kwenye kiganja cha mkono, na uombe jina la yule anayekujibu. Wakisema hayuko, uwaombe wakuandikie kama hayuko. Wengi hawataandika, na pale wanapokataa, utupigie simu.

Zamu inaanza juma hii. Tunahitaji watu kumi na wawili, wawili wawili, mmoja kati ya kila wawili awe mwanamke, juu tumeona mlangoni wanawake wanajibiwa vizuri zaidi. Avoka aliyekubali kutusaidia bila malipo atakuwa hapa alhamisi saa tisa kuonyesha namna ya kusoma PV. Kaye mpya ziko pale mbele, karibu na mlango. Anayetaka kuingia kwenye zamu aje achukue moja, aandike jina lake ndani, na saa.